Mafuta ya umma, hasara ya nani? Funzo la Changamwe kwa mkazi wa Frere Town

KILA tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei za mafuta zitakazotumika hadi tarehe kama hiyo ya mwezi unaofuata. Kwa wahudumu wa bodaboda na tuktuk wa Kengeleni, eneo la Frere Town, Mombasa, tangazo hilo huamua iwapo mapato ya siku yatatosha kununua unga au yataishia kwenye tangi.

Wakazi wa eneo hilo wana sababu ya kushangaa. Meli za mafuta hutia nanga Kipevu, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mitambo na matangi ya kiwanda cha kusafishia mafuta yako Changamwe. Bomba linalopeleka mafuta bara huanzia huko huko. Isitoshe, kwa miaka mingi mali hizo zimekuwa za Serikali, ama zote au kwa sehemu kubwa.

Mbona basi lita ya petroli Mombasa hupungua ile ya Nairobi kwa takriban Sh3 pekee, ilhali miji hiyo miwili imetenganishwa na safari ya karibu kilomita 500? Na je, huko kumilikiwa na umma kumemfaidi vipi mwananchi anayevuka daraja la Nyali kila asubuhi kwenda kutafuta riziki?

Maswali hayo yalipata uzito mpya Oktoba 2025, Bunge la Taifa lilipoidhinisha uuzaji wa asilimia 65 ya hisa za Kampuni ya Mabomba ya Kenya, KPC. Januari 2026 hisa hizo zilianza kuuzwa kwa umma kwa Sh9 kila moja, lengo likiwa kupata takriban Sh106 bilioni.

Waliounga mkono mpango huo walisema Serikali si mfanyabiashara. Waliopinga walisema rasilimali ya taifa inanadiwa. Hata hivyo, mshauri wa masuala ya kawi hawezi kuanza uchunguzi wake kwa kuuliza ni nani mwenye mali. Huanza kwa swali jingine: Mambo yakienda mrama, ni nani anayelipa?

Bei hujengwaje?

Bei ya lita moja ya mafuta ina sehemu nne. Ya kwanza ni gharama ya kununua mafuta katika soko la kimataifa na kuyaleta hadi bandarini Mombasa. Ya pili ni ada za kuyahifadhi na kuyasafirisha humu nchini. Ya tatu ni faida ya kampuni za mafuta na wenye vituo. Ya nne ni kodi na tozo za Serikali.

Sehemu ya kwanza na ya nne ndizo nzito. Mafuta hununuliwa kwa dola, hivyo shilingi inapodhoofika bei hupanda hata kama hakuna kilichobadilika katika visima vya Ghuba. Kodi nazo zimekuwa zikiongezeka. Septemba 2018 mafuta yalianza kutozwa ushuru wa ziada ya thamani, VAT, wa asilimia 8, na Julai 2023 ukapandishwa hadi asilimia 16. Tozo ya ukarabati wa barabara nayo ilipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita mnamo Julai 2024.

Usafiri kwa bomba ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo. Hii ndiyo sababu ukaribu wa Frere Town na bandari humpunguzia mkazi wake shilingi chache tu. Oktoba 2023, bei ya petroli ilipovunja rekodi nchini, hata Mombasa lita ilipita Sh200.

Jambo hili ni muhimu kwa sababu linaonyesha mipaka ya kile ambacho kampuni ya umma inaweza kumfanyia mwananchi. Kampuni hiyo haiwezi kuamua bei ya dunia. Inachoweza kufanya ni kupunguza hasara inayoongezwa hapa nchini, au kuizidisha.

Kiwanda kilichozima

Historia ya Changamwe inalieleza hili waziwazi. Kiwanda cha kusafishia mafuta kilianza kazi mwaka 1963, kikiwa mali ya kampuni za kigeni zilizoongozwa na Shell na BP. Mwaka 1971 Serikali ilichukua nusu ya hisa, na mwaka 1974 mtambo wa pili ukaongezwa. Mafuta ghafi yaliletwa kwa meli kutoka Ghuba, yakachemshwa na kutenganishwa kuwa petroli, dizeli, mafuta ya taa, gesi ya kupikia na mafuta mazito.

Mfumo wake wa biashara ulikuwa wa aina yake. Kiwanda hakikununua mafuta ghafi. Kampuni za mafuta ndizo zilizoyaleta, zikalipa ada ya kusafishiwa, kisha zikachukua kilichopatikana. Sheria nayo ilizilazimu kampuni hizo kupitisha kiasi fulani cha mafuta kiwandani, karibu tani milioni 1.6 kwa mwaka.

Kwa mtazamo wa haraka, mfumo huo ulikuwa salama. Wafanyakazi walikuwa na ajira na Serikali ilikuwa na kiwanda. Tatizo lilikuwa kwamba teknolojia ilikuwa imepitwa na wakati. Kiwanda cha kisasa kina mitambo ya kuvunjavunja mafuta mazito ili kupata petroli na dizeli zaidi. Cha Changamwe hakikuwa nayo. Sehemu kubwa ya kila pipa ilitoka ikiwa mafuta mazito yenye thamani ndogo, yanayofaa meli, viwanda na mitambo ya umeme.

Hasara hiyo ilikwenda wapi? Haikubaki kiwandani, kwa kuwa ada ililipwa kwa vyovyote vile. Kampuni za mafuta nazo hazikuibeba, kwani ziliiingiza katika bei. Serikali ilipoanza kudhibiti bei Desemba 2010, gharama za kusafishia mafuta Changamwe zilihesabiwa katika kanuni ya kupanga bei. Mwishowe mzigo ulimwangukia mnunuzi kituoni, pamoja na mama aliyenunua mafuta ya taa kwa chupa mtaani.

Hapa ndipo funzo la kwanza lilipo. Kiwanda kilichokingwa na sheria kinaweza kuonekana kizima kwa miaka mingi kwa sababu tu hakuna anayeuona ugonjwa wake katika vitabu vyake. Ugonjwa huo husambazwa shilingi kwa shilingi katika mifuko ya watu ambao hawajui kuwa wanauguza kiwanda.

Mwaka 2009 kampuni ya Essar ya India ilinunua nusu ya hisa kutoka kwa kampuni za kigeni kwa takriban dola milioni 7. Matumaini yalikuwa kwamba ingewekeza zaidi ya dola bilioni 1 kukifanya kiwanda kiwe cha kisasa. Julai 2012 mfumo ulibadilishwa, kiwanda kikaanza kununua mafuta ghafi chenyewe na kuwauzia wenye kampuni bidhaa zilizosafishwa.

Mabadiliko hayo yaliufichua ukweli. Sasa hasara ilionekana katika vitabu vya kiwanda, kwa kuwa bidhaa zake zilikuwa ghali kuliko zile zilizoagizwa zikiwa tayari zimesafishwa. Kampuni za mafuta zilisita kuzinunua. Septemba 2013 mitambo ilizimwa, na haikuwashwa tena kusafisha mafuta.

Essar iliamua kujiondoa. Mkataba uliiruhusu kuiuzia Serikali hisa zake kwa dola milioni 5, na mwaka 2016 kiwanda kikawa mali ya umma kwa asilimia 100. Kwa maneno mengine, umma ulipata umiliki kamili wa kiwanda hicho baada ya kazi yake kukoma. Mwaka 2023 kilikabidhiwa KPC, ambayo ilihitaji hasa ardhi na matangi yake.

Kuna tukio linaloonyesha hali hiyo kwa uchungu. Baada ya mafuta kugunduliwa Turkana mwaka 2012, wengi waliamini kwamba Changamwe ingefufuka. Mafuta hayo yalisafirishwa kwa malori hadi Mombasa kuanzia 2018, yakahifadhiwa katika matangi ya kiwanda hicho, kisha Agosti 2019 yakapakiwa melini na kuuzwa nje yakiwa ghafi. Yalipita Changamwe kama mgeni apitaye njia.

Jirani naye yalimkuta

Kenya haikuwa peke yake. Kigamboni, Dar es Salaam, kulijengwa kiwanda cha TIPER katika miaka ya 1960 kwa ushirikiano na Waitaliano. Serikali ya Tanzania ilikuwa na nusu ya hisa. Kiwanda hicho nacho kiliacha kusafisha mafuta karibu na mwaka 2000, kikabaki kuwa bohari ya kuhifadhia mafuta.

Nigeria, nchi yenye visima vyake, iliwahi kuwa na viwanda vinne vya Serikali huko Port Harcourt, Warri na Kaduna. Kwa miaka mingi vililala huku nchi ikiagiza petroli kutoka nje. Kiwanda cha kibinafsi cha Dangote mjini Lagos, kilichoanza uzalishaji Januari 2024, kilijengwa kusafisha mapipa 650,000 kwa siku. Tani milioni 1.6 za Changamwe kwa mwaka ni kama mapipa 32,000 kwa siku. Tofauti hiyo ni ya mara 20.

Hata hivyo, ingekuwa makosa kuhitimisha kwamba Serikali haiwezi kamwe kuendesha biashara ya mafuta. Saudi Aramco na kampuni ya Equinor ya Norway zinamilikiwa na serikali zao kwa sehemu kubwa, nazo huhesabiwa miongoni mwa kampuni kubwa duniani. Norway ilitenganisha mapema kazi ya kutunga sera, kazi ya kusimamia sekta na kazi ya kufanya biashara. Ilihakikisha kuwa anayecheza mpira si yeye anayepuliza kipenga.

Bomba lisilo na mshindani

Kampuni ya Mabomba ilisajiliwa 1973 na kuanza kazi 1978. Bomba lake la kwanza kutoka Mombasa hadi Nairobi, lenye urefu wa kilomita 450, liliondoa malori mengi barabarani. Baadaye lilifikishwa Nakuru, Eldoret na Kisumu. Mwaka 2018 bomba jipya, pana zaidi, lilichukua nafasi ya lile la zamani la Mombasa.

Tofauti na kiwanda cha Changamwe, bomba limekuwa likiingiza faida na kuipa Hazina ya Taifa gawio. Uganda, ambayo hupitisha takriban asilimia 90 ya mafuta yake Kenya, hulitegemea sana. Sababu ya faida hiyo si siri. Hakuna mtu mwingine mwenye bomba. Wataalamu huuita hali hii ukiritimba wa asili, kwa kuwa si busara kujenga mabomba mawili sambamba ili yashindane.

Faida, hata hivyo, si ushahidi kuwa umma umelindwa. Mwishoni mwa 2008 ilibainika kwamba mafuta yenye thamani ya zaidi ya Sh7 bilioni yalikuwa yametolewa katika matangi ya KPC kwa kampuni ya kibinafsi ya Triton bila idhini ya waliofadhili ununuzi wake. Kampuni hiyo ilifilisika na wafadhili wakaigeukia KPC wakidai fidia. Walinzi wa ghala walikuwa wameajiriwa na umma, na umma huo huo ndio uliodaiwa.

Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka kituo cha kampuni hiyo jijini Nairobi na kuingia katika mtaro uliopita mtaa wa Sinai. Wakazi walikimbilia kuteka. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 100 waliangamia. Mwaka 2015 mafuta yalivuja tena Thange, kaunti ya Makueni, yakaharibu maji na mashamba ya wakulima.

Katika visa hivyo, waliolipa kwanza hawakuwa wakurugenzi wala Hazina. Walikuwa watu waliokuwa na nguvu ndogo zaidi ya kuuliza maswali. Mkazi yeyote wa Changamwe, Mikindani au Miritini anayeishi karibu na matangi na mabomba analielewa hili bila kufafanuliwa.

Shirika lililokabidhiwa kila kitu

Kampuni ya tatu ni Shirika la Mafuta la Kitaifa, lililoundwa 1981 baada ya misukosuko ya mafuta ya miaka ya 1970. Lilitarajiwa kusimamia utafutaji wa mafuta na kuipa Serikali sauti sokoni. Kwa muda lilipewa sehemu ya uagizaji wa mafuta ghafi, hadi soko lilipofunguliwa Oktoba 1994.

Tangu hapo limejaribu mengi: kutafuta mafuta, kuendesha vituo vya kuuzia petroli na hata kusambaza mitungi ya gesi ya bei nafuu kwa familia maskini. Mradi huo wa mitungi ulikwama baada ya mingi kupatikana na kasoro. Lilikabidhiwa majukumu ya hisani na ya biashara kwa pamoja, pasipo mtaji wa kuyatosheleza yote. Mshika mbili, wahenga walisema, moja humponyoka.

Ruzuku na mkopo

Baada ya mashirika hayo kuonyesha udhaifu, Serikali ilijaribu njia nyingine za kumkinga mwananchi. Aprili 2021 ilianza kuzuia bei isipande kwa kuzilipa kampuni za mafuta tofauti. Fedha zilitoka katika tozo ambayo tangu 2020 wanunuzi walikuwa wakilipa Sh5.40 kwa kila lita ya petroli na dizeli.

Malipo yalipochelewa, kampuni zilibaki na deni. Machi na Aprili 2022 vituo vingi nchini viliishiwa, na madereva wakapiga foleni usiku na mchana. Bei iliyotangazwa ilikuwa nafuu, lakini mafuta hayakuwepo. Hasara iliyofichwa katika hati ilijitokeza barabarani.

Machi 2023 ulifuata mpango wa serikali kwa serikali. Shilingi ilikuwa ikidhoofika na dola zilikuwa adimu. Badala ya kampuni kushindana kwa zabuni ya wazi na kulipa dola baada ya siku chache, mafuta yangeletwa na kampuni za serikali za Saudia na Falme za Kiarabu kwa mkopo wa siku 180. Mpango huo uliongezewa muda hadi 2028.

Ulipunguza shinikizo la kutafuta dola kwa haraka, lakini haukufuta deni. Uliliahirisha. Anayekopa kwa miezi sita hubeba hatari ya shilingi kushuka katika kipindi hicho, na hatari hiyo huwa na gharama. Uganda haikuridhika kuendelea kununua kupitia kampuni za Kenya. Mwaka 2024 shirika lake la mafuta lilianza kuagiza lenyewe, ingawa bado lilipitisha bandari ya Mombasa.

Hisa zauzwa, maswali yabaki

Ni katika mwanga huo ambapo uuzaji wa hisa za KPC unafaa kutazamwa. Mpango ulikuwa Serikali ibaki na asilimia 35. Faida moja ni kwamba kampuni iliyoorodheshwa katika soko la hisa hulazimika kuchapisha hesabu zake na kuwajibu wenye hisa.

Lakini bomba ni lile lile moja. Mwenye hisa hutaka gawio, na gawio hutokana na ada anayolipa mtumiaji. Ukiritimba wa umma ukigeuzwa kuwa ukiritimba wa watu binafsi, kinga pekee ya mnunuzi ni msimamizi anayekagua ada hizo bila woga wala upendeleo. EPRA ikilegea, mkazi wa Frere Town atalipa faida ya mwenye hisa kama alivyolipa hasara ya kiwanda.

Kwa hiyo mambo matatu yanafaa kudaiwa, awe mmiliki ni nani. Kwanza, kila mkataba wa mafuta unaofungwa kwa jina la umma uchapishwe, ukionyesha nani atalipa bei au dola ikibadilika. Pili, hasara ya kila mtambo ionekane katika vitabu vyake, isifichwe ndani ya bei ya lita. Tatu, wanaoishi kando ya mabomba wajue mapema ni nani atawafidia mafuta yakivuja, wasingoje kesi za miaka na mikaka.

Madai hayo hayataifanya petroli iwe rahisi kesho. Hakuna mshauri mkweli anayeweza kuahidi hivyo katika nchi inayoagiza mafuta yake kutoka ng'ambo. Yatakachofanya ni kumwezesha mnunuzi kujua analipia nini, na kwa kosa la nani.

Frere Town ilianzishwa 1875 na wamishonari wa Church Missionary Society kuwa makao ya watumwa waliokombolewa. Kengele iliyowekwa hapo, na ambayo imelipa eneo la Kengeleni jina lake, ilipigwa kuwatahadharisha wakazi kwamba hatari inakuja. Manufaa yake yalikuwa katika kulia mapema, kabla adui hajafika mlangoni.

Tangazo la tarehe 14 nalo husikika na kila mtu. Tofauti ni kwamba linapotolewa, mikataba imekwisha kutiwa saini, meli zimekwisha kufika Kipevu na deni limekwisha kugawanywa.